Olmaima na kilema

Kwa Kimaasai, olmaima ni mjusi mkubwa wa miguu mifupi, mwenye mwendo wa kuyumba. Mtu mwenye ulemavu wa viungo naye huitwa hivyo. Neno hilo linauma. Hata hivyo Aud Talle, mwanaanthropolojia wa Norway aliyeandika kuhusu Wamaasai wa Kenya mwaka 1995, alikuta mtoto wa namna hiyo akilelewa sawa na wenzake bomani.

Kiswahili nacho kina kilema: jina la dosari, na papo hapo jina la mtu aliye nayo, kana kwamba hana lingine. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa haki ya kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Basi makanisani Kitengela na Kajiado tuseme “mwenye ulemavu”, lakini tusiishie kwenye matangazo. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji njia ya mteremko ifike hadi madhabahuni, maana naye anaweza kusoma Neno na kuongoza kwaya. Na mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya, lugha rasmi ya Bunge letu, asimame mbele, penye mwanga, mikono yake ionekane.