Tovuti za filamu: nyota unazotoa huhifadhiwa wapi, na zinaweza kukufichua vipi?

Unamaliza kutazama filamu kwenye simu, tovuti inakuomba nyota, unabonyeza nne kati ya tano na kuendelea na shughuli zako. Siku chache baadaye inakupendekezea filamu usiyowahi kuisikia, na pengine inapatia kabisa. Inajuaje? Na inajua nini kingine kukuhusu?

Tuchukue mfano wa MovieLens, tovuti iliyoanzishwa mwaka 1997 na watafiti wa kundi la GroupLens katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Watafiti hao wametoa hadharani sehemu ya kumbukumbu zake, ndiyo maana tunaweza kuona zilivyopangwa.

Kumbukumbu za tovuti huwekwa kwenye hifadhidata, yaani majedwali yanayotegemeana, kama madaftari ya mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa. Jedwali moja ni la filamu: namba, jina, mwaka. Jingine ni la watumiaji, kila mmoja na namba yake. Aina za filamu, kama vichekesho au vita, hupangwa kivyake, kwa sababu filamu moja inaweza kuwa ya vita na ya mapenzi pia.

Lakini moyo wa yote ni jedwali la alama. Kila mstari una vitu vinne tu: namba ya mtumiaji, namba ya filamu, alama aliyotoa na wakati alioitoa. Jina la filamu halirudiwi humo. Likikosewa, linasahihishwa mahali pamoja, hata kama watu elfu kumi wameshaipa filamu hiyo alama. Kwa kawaida huwekwa pia sharti kwamba akaunti moja ina alama moja tu kwa filamu moja. Ukibadili mawazo, alama mpya inafuta ya zamani. Bila sharti hilo, mtu mmoja mwenye hasira angebonyeza nyota moja usiku kucha na kuizamisha filamu ya watu.

Sasa mapendekezo. Mkusanyo wa MovieLens wa mwaka 1997 hadi 1998 una watu 943, filamu 1,682 na alama 100,000. Kama kila mtu angeipa alama kila filamu, zingepatikana zaidi ya milioni 1.5. Kwa hiyo katika kila nafasi 100, zilizojazwa ni kama 6 tu. Kupendekeza ni kukisia zile zilizobaki wazi: kompyuta inatafuta watu ambao alama zao zinafanana na zako, kisha inaangalia walipenda nini ambacho wewe hujakiona. Mgeni asiye na alama hata moja hana wa kufananishwa naye. Ndiyo maana tovuti nyingi huanza kwa kukuuliza filamu unazozipenda.

Hapo ndipo penye hatari, msikilizaji. Mwaka 2006 kampuni ya Netflix ilitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeboresha makisio yake kwa asilimia 10, ikatoa alama zaidi ya milioni 100 za wateja wapatao 480,000. Majina yaliondolewa, zikabaki namba. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Texas, Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov, wakaonyesha kwamba hiyo haitoshi. Ukijua alama nane za mtu, mbili kati ya hizo zikiwa na makosa, na tarehe zikipishana hadi siku 14, unaweza kuutambua mstari wake kwa asilimia 99. Wakalinganisha na alama ambazo watu walizitoa hadharani kwenye tovuti ya IMDb, wakawapata baadhi yao.

Zawadi ilitolewa mwaka 2009. Mwaka huohuo Netflix ilishtakiwa, na miongoni mwa walalamikaji alikuwamo mama mmoja, jina lake likiwa limefichwa, aliyehofia kwamba filamu alizotazama zingefichua siri ya maisha yake. Machi 2010 kampuni hiyo ikafuta shindano la pili ililokuwa imelipanga.