Karati Moja, Maana Mbili: Maneno ya Sonara ya Kujua Kabla Hujapigwa

Staa akivishwa pete ya uchumba, mitandao inawaka: "Almasi ya karati tano, jamani!" Wiki inayofuata staa mwingine anatupia picha ya cheni, watu wanaanza kubishana kama ni dhahabu ya karati 18 au 22. Neno ni lile lile, kwa hiyo wengi tunadhani na kitu ni kile kile. Wadau, hapana. Karati ya almasi ni uzito. Karati ya dhahabu ni usafi. Ukiingia dukani umezichanganya, hasara ni yako.

Yote yalianza na mbegu

Kuna mti unaota pande za Mediterania, unaitwa karobu. Ganda lake limepinda kama pembe, ndiyo maana Wagiriki waliliita *keration*, yaani kipembe. Waarabu wakalipokea neno wakasema *qirat*, na karati yetu imetokea huko. Wafanyabiashara wa kale waliweka mbegu za karobu kwenye mizani, wakiamini zote zina uzito sawa. Kumbe wapi! Zinatofautiana kama mbegu za mti mwingine wowote.

Sasa dhahabu iliingiaje? Karne ya 4, Mfalme Constantine wa Roma alitoa sarafu ya dhahabu iliyoitwa solidus, uzito wake ukihesabiwa kuwa mbegu 24. Ndiyo maana mpaka leo dhahabu tupu inaitwa karati 24. Ukiambiwa 18, maana yake mafungu 18 kati ya 24 ni dhahabu, na 6 yaliyobaki ni madini mengine kama shaba na fedha. Si lazima uwe wizi: dhahabu tupu ni laini, pete yake inapinda na kuchubuka haraka.

Kwa upande wa vito, kwa muda mrefu kila mji wa biashara ulikuwa na karati yake. Mwaka 1907 mkutano wa kimataifa wa vipimo ukamaliza ubishi: karati moja ni gramu 0.2. Yaani gramu moja ni karati tano, basi.

Mfano uko hapa hapa nyumbani. Mwaka 1947 mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Inatisha kuisikia, lakini ni gramu 10.9 tu. Ilipokatwa na kung'arishwa ikabaki karati 23.6, chini ya gramu tano. Ilitolewa kama zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kabla haijakatwa.

Maneno yaliyokuja na majahazi

Kaunta ya sonara ni historia ya Bahari ya Hindi. Neno "sonara" lenyewe limetoka India. Tola nayo imetoka huko huko. Ni gramu 11.66, na Dubai hadi leo kuna vipande vya dhahabu vya tola kumi. Dhahabu, lulu, almasi, yakuti, zumaridi na marijani yametufikia kupitia Kiarabu. Wakia pia ni ya Kiarabu, na Zanzibar ya zamani ilipimwa kwa uzito wa sarafu moja ya fedha ya Maria Theresa, kama gramu 28.

Halafu kuna "fedha". Maana yake ya kwanza ni yale madini meupe. Sarafu zilikuwa za madini hayo, basi jina likahamia kwenye pesa zote. Leo hata noti ya karatasi ni fedha!

Kwa nini ikuhusu

Kwa sababu dhahabu ya bibi harusi si pambo tu. Kwa familia nyingi, hasa za pwani, hiyo ndiyo akiba ya mwanamke mwenyewe. Ada ya mtoto ikikwama au mgonjwa akilazwa, bangili inatoka sandukuni. Hapo ndipo maneno haya yanageuka pesa.

Piga hesabu. Bangili ya gramu 20 ya karati 22 ina dhahabu tupu gramu 18.3. Ikiwa ya karati 18, ina gramu 15. Kwa macho huwezi kuona tofauti vizuri, ila gramu 3.3 zimeyeyuka. Mama akiuziwa 18 kwa bei ya 22, atagundua siku ya shida, tena mbele ya mnunuzi asiye na huruma.

Kwa hiyo ukienda dukani:

1. Tafuta muhuri. 916 ni karati 22, 750 ni 18, 585 ni 14, 375 ni 9. Ukiona 925, hiyo ni fedha. Muhuri unaweza kughushiwa, hivyo omba kipimwe mbele yako.
2. Kama kina mawe, uliza dhahabu peke yake ina gramu ngapi. Usilipie kioo kwa bei ya dhahabu.
3. Risiti iandikwe karati na gramu. "Dhahabu safi" si kipimo.

Babu zetu wa biashara walibuni vipimo hivi ili wageni wasiojuana waweze kuaminiana. Vinamlinda anayevijua.

Haya, tuambie: kwenu dhahabu ya bibi inahesabiwa kwa gramu au kwa tola? Na nani ameshawahi kupigwa?