Ule mraba wa Wi-Fi ukutani ulizaliwa kiwandani, na haukuumbwa kutunza siri

Siku hizi ukiingia mgahawani, gesti au hata sebuleni kwa rafiki, unaweza kukuta karatasi ukutani yenye mraba wa vidoadoa vyeusi na vyeupe. Unaelekeza kamera ya simu, unagusa mara moja, tayari uko kwenye Wi-Fi ya mwenyeji. Hakuna kuulizana "hiyo ni sifuri au O?" Raha tupu! Ila hebu jiulize: pasiwedi imepitia wapi? Imefichwa humo ndani, au iko wazi? Jibu lake linaanzia mbali kidogo, kwenye masanduku ya vipuri vya magari huko Japani.

Mistari ilipozidiwa

Unaijua misimbopau, ile mistari myeusi iliyo kwenye pakiti ya biskuti. Mashine za kuisoma zilianza kazi mwaka 1974 katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, Marekani, na bidhaa ya kwanza kupitishwa ilikuwa pakiti ya chingamu. Dukani mistari hiyo ilitosha, kwa sababu keshia anahitaji namba moja tu ya bidhaa.

Kiwandani mambo yalikuwa mengine. Msimbopau mmoja hubeba takriban herufi 20 tu, lakini sanduku la vipuri lina mengi ya kusema: ni kipuri gani, ni vingapi, vinakwenda wapi. Kwa hiyo sanduku moja lilibandikwa misimbo kadhaa, na wafanyakazi wakawa wanaskani mmoja baada ya mwingine kutwa nzima. Hebu fikiria uchovu wake.

Kampuni ya Denso, inayotengeneza vipuri vya magari, ilikuwa na mhandisi aitwaye Masahiro Hara. Yeye aliona kwamba mistari inatumia upande mmoja tu wa karatasi. Ukizipanga data pande mbili, kulalia na kusimama, nafasi inaongezeka mno. Amesimulia kwamba wazo lilimjia kutokana na Go, mchezo wa kete nyeusi na nyeupe zinazopangwa kwenye ubao wa miraba. Mwaka 1994 timu yake ikatoa msimbo wa QR, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "jibu la haraka". Toleo lake kubwa kabisa hubeba hadi tarakimu 7,089.

Sasa utazame vizuri. Pembe tatu zina miraba mikubwa, ya nne haina. Ukipitisha mstari katikati ya mraba mmojawapo, unapata nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi kwa uwiano wa 1:1:3:1:1. Timu ilipekua magazeti, vipeperushi na maboksi ikitafuta uwiano ambao ni nadra kuonekana kwenye maandishi ya kawaida, ili mashine isichanganye. Ndiyo maana simu yako huukuta msimbo papo hapo, hata ukiushika kichwa chini.

Kiwandani kuna grisi na michubuko pia. Kwa hiyo msimbo ulipewa hesabu za kurekebisha makosa zilizobuniwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960. Kwenye kiwango cha juu kabisa, karibu asilimia 30 ya msimbo inaweza kuharibika na bado ukasomeka.

Umeona hapo? Kasi ipo, nafasi ipo, uimara upo. Siri haipo, kwa sababu sanduku la vipuri halikuwa na siri yoyote.

Mlango ukaachwa wazi

Denso ilikuwa na hataza, lakini ikatangaza kwamba haitawadai wanaoutumia msimbo kwa kufuata kanuni zake. Mwaka 2000 ukawa kiwango cha kimataifa cha ISO, na mwaka 2002 simu zenye uwezo wa kuusoma zikaingia sokoni Japani.

Wi-Fi ilikuja baadaye. Watengenezaji wa programu huria ya ZXing walipendekeza namna ya kuandika taarifa za mtandao ndani ya msimbo, wakiiga mtindo uliokuwa ukitumika kwa kadi za anwani. Ni sentensi fupi tu:

WIFI:T:WPA;S:NyumbaniKwetu;P:ChaiNaMaandazi7;;

T ni aina ya ulinzi, S ni jina la mtandao, na P ni pasiwedi yenyewe, herufi kwa herufi. Mwaka 2017 kamera ya iPhone yenye iOS 11 ikaanza kuielewa sentensi hiyo, na mwaka 2019 Android 10 ikakuwezesha kuitengeneza moja kwa moja kwenye mipangilio ya Wi-Fi.

Kwa hiyo tukirudi kwenye swali letu: pasiwedi haijafichwa kabisa. Jicho lako haliwezi kuisoma, lakini kutosomeka kwa macho si sawa na kufichwa. Mtu akiupiga picha ule mraba akiwa mlangoni, au ukaonekana nyuma yako kwenye picha uliyoweka mtandaoni, ni sawasawa na kuiandika pasiwedi ukutani kwa chaki. Tena msimbo hauishi muda wake. Unakufa siku utakapobadilisha pasiwedi.

Je, tuuache? La hasha. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, wenye jina na pasiwedi yake. Tengeneza msimbo wa mtandao huo, ule mkuu uache kwa kompyuta na simu za nyumbani. Bandika karatasi ndani, mbali na dirisha, na ubadilishe pasiwedi mara kwa mara.

Na kama bado huamini, tafuta programu ya kuskani inayoonyesha maandishi ghafi, uielekeze kwenye msimbo wako mwenyewe. Baada ya herufi P, utaikuta pasiwedi yako pale pale.