Mbalamwezi Iliyopigwa Mchana

Picha moja iliyowavutia sana wapenzi wa sanaa mjini London mwishoni mwa mwaka 1856 ilitoka Ufaransa. Ilionyesha merikebu ya milingoti miwili ikiwa peke yake baharini, mawingu yametanda juu yake, na mwanga mweupe umemwagika juu ya maji. Wengi waliamini kwamba wanaiona bahari chini ya mbalamwezi. Kumbe Gustave Le Gray aliipiga mchana, kwenye pwani ya Normandy, kamera ikiwa imelielekea jua. Ukali wa jua ulimwezesha kufungua lenzi kwa muda mfupi sana, na alipoichapa aliiacha ikolee weusi hata mchana ukafanana na usiku.

Hakuwa na njia nyingine. Mwanga wa mwezi mpevu ni hafifu kuliko wa jua kwa mara 400,000 hivi. Mandhari inayohitaji sekunde 1 tu juani ingehitaji sekunde 400,000 mbalamwezini, yaani zaidi ya siku nne. Na bamba la kioo la siku zile halikuweza kungoja hata nusu saa. Njia ya kolodioni, ambayo Mwingereza Frederick Scott Archer aliitangaza mwaka 1851, ilimtaka mpiga picha alipake bamba dawa, alitie kwenye kamera likiwa bichi, apige, kisha alisafishe kabla halijakauka. Kwa kawaida alikuwa na dakika 10 hadi 15. Likikauka, kazi imeharibika.

Mwezi wenyewe ulikuwa umeshapigwa picha. John William Draper aliunasa mjini New York mwaka 1840 kwa kuiacha lenzi wazi dakika 20, jambo lililowezekana kwa sababu uso wa mwezi unaangazwa na jua moja kwa moja. Kilichoshindikana ni kuipata dunia inayopokea mwanga wa huo mwezi.

Hata mchana bahari iliwatesa wapiga picha. Lenzi ikikaa wazi sekunde chache, mawimbi yanalainika na kuwa ukungu, na ukungu huo ulihesabiwa kasoro, dalili kwamba kifaa hakijakomaa. Mbingu nayo ilitoka nyeupe tupu, kwa kuwa kolodioni iliitikia rangi ya buluu kupita kiasi. Ndiyo maana wimbi kubwa ambalo Le Gray alilipiga mwaka 1857 huko Sète, kusini mwa Ufaransa, liliwastaajabisha watu: maji yanaonekana yakivunjika kwenye miamba, na mawingu yapo. Alitumia negativu mbili, moja ya bahari na moja ya mbingu, akaziunganisha kwenye upeo wa macho. Chapa moja ya picha hiyo iliuzwa London mwaka 1999 kwa pauni 507,500, bei ambayo hakuna picha iliyokuwa imewahi kuifikia mnadani. Le Gray hakuyaona mafanikio ya namna hiyo. Biashara yake ilianguka, akaondoka Ufaransa mwaka 1860 kwenye jahazi la mwandishi Alexandre Dumas, wakaachana Malta, na hatimaye akaishia Cairo akifundisha uchoraji. Alifariki huko mwaka 1884.

Aliyeufungua usiku alikuwa daktari. Mwaka 1871 Richard Leach Maddox, Mwingereza, alieleza namna ya kushikiza chumvi za fedha kwenye kioo kwa jelatini, na wengine wakaiboresha mpaka viwanda vikaanza kuuza mabamba makavu. Bamba kavu linaweza kukaa ndani ya kamera usiku kucha. Mpiga picha Paul Martin alizunguka London usiku mwaka 1895 na 1896, akipiga taa za gesi na vivuli vyake kwenye barabara zilizolowa, na kazi hiyo ikampatia medali ya dhahabu ya chama cha kifalme cha wapiga picha. Muda si mrefu Alfred Stieglitz akafanya vivyo hivyo katika barafu ya New York.

Usiku ulikuwa na mtego wake. Mwanaastronomia Mjerumani Karl Schwarzschild alionyesha, karne ya 19 ikielekea mwisho, kwamba bamba huchoka: mwanga ukipungua sana, kuongeza muda kwa hesabu ya kawaida hakutoshi, lazima kuongeza zaidi. Mafundi wa picha walijifunza kukadiria kwa uzoefu. Mpiga picha Brassaï, aliyechapisha kitabu chake cha Paris ya usiku mwanzoni mwa miaka ya 1930, alipima muda kwa kuvuta sigara, moja ya Gauloise, au Boyard nene zaidi pale palipokuwa na giza.

Hayo yote yalifanyika mijini, penye taa. Kule baharini, mtu aliyechangia sana kugeuza kasoro ya zamani kuwa sanaa ni Michael Kenna, Mwingereza aliyezaliwa Widnes mwaka 1953. Alivutiwa na picha ambazo Bill Brandt alizipiga London ya vita, taa zikiwa zimezimwa na mwezi ukitawala. Kenna huiacha lenzi wazi kwa dakika, kwa saa, pengine usiku mzima. Katika muda huo kila wimbi hupita na kufutwa na linalofuata, maji yakabaki bapa kama shuka iliyonyooshwa. Mwamba na nguzo za gati hubaki wima. Mashua iliyotia nanga huyumba hadi ikawa kivuli, taa ya meli huwa mstari, na nyota huchora matao ya nyuzi 15 kwa kila saa. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuona hivyo, na hapo ndipo picha hizi zilipoishinda ile ya 1856: hazihitaji kuigiza usiku.

Kihisi cha kielektroniki, kilichotokana na kazi ya Willard Boyle na George Smith huko Bell Labs mwaka 1969, hakichoki kama bamba. Adui yake ni joto, linalotapakaza chembechembe za uongo kwenye picha, na katika pwani zenye joto kama yetu tatizo hilo hukua. Wengi hupiga picha fupi nyingi, kisha wakaziunganisha.

Bahari nayo ina mtego wake: mwezi mpevu huja na bamvua, na stendi ya kamera iliyosimikwa maji yakiwa yamekupwa inaweza kumezwa kabla ya muda wa saa sita kupita. Wapiga picha wanaokesha Lamu, Pemba au Bagamoyo wanalijua hilo. Basi chini ya kila picha waandike lenzi ilikaa wazi muda gani, mwezi ulikuwa wa tarehe ngapi, na maji yalikuwa yakijaa au yakikupwa.