Nani alisema uko tayari? Kiingereza, madarasa na sisi tuliofika Kigali na buletini za Kifaransa

Mtoto akifika Kigali kutoka Goma, Uvira au Bujumbura na buletini yake mkononi, direkta wa shule haulizi sana anajua nini. Anauliza anajua Kiingereza kiasi gani. Buletini inaweza kusema ana 80 kwa 100 katika hesabu, lakini imeandikwa kwa Kifaransa, na darasa analoliomba linasoma kwa Kiingereza. Basi anarudishwa nyuma. Kwenye grupu letu wengi wamerudishwa, mwingine darasa moja, mwingine matatu. Wadogo zetu wanadhani mambo yalikuwa hivi tangu zamani. Hayakuwa hivi, na ndiyo maana tunaandika.

Kabla ya 1994 shule za Rwanda zilikuwa za Kinyarwanda na Kifaransa, urithi wa Wabelgiji. Kiingereza kilikuwa somo tu. Baada ya mauaji ya kimbari, watu waliokuwa uhamishoni walirudi kwa maelfu. Waliotoka Uganda, Tanzania na Kenya walirudi na Kiingereza, waliotoka Zaire na Burundi wakarudi na Kifaransa. Darasa moja likawa na watoto wasioelewa daftari za wenzao. Mwaka 1996 Kiingereza kikawekwa kuwa lugha rasmi pamoja na hizo mbili, na shule zikaendelea hivi: miaka mitatu ya kwanza Kinyarwanda, halafu Kifaransa au Kiingereza.

Hapa kuna jambo ambalo watu husahau. Kwenye Chuo Kikuu cha Taifa kule Butare, wanafunzi wa miaka ile walipewa muda wa kusoma kwa nguvu ile lugha wasiyoijua kabla ya kuingia katika masomo yao yenyewe. Hao ni watu wazima waliokwisha maliza sekondari! Hakuna aliyewaambia warudi darasa la tano. Walionekana ni watu wenye elimu ambao lugha moja inawapungukia, wakapewa muda wa kuijaza. Tushike hilo, maana tutalirudia.

Kisha mwezi wa kumi 2008 baraza la mawaziri likaamua: shule zote za serikali zifundishe kwa Kiingereza. Sababu zilitajwa na zinaeleweka. Rwanda ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na biashara yake nyingi ilikuwa inapita Uganda, Kenya na Tanzania. Uhusiano na Ufaransa nao ulikuwa umekatika tangu 2006. Mwaka 2009 nchi ikaingia pia Jumuiya ya Madola. Sisi hatuna ugomvi na sababu hizo. Tunachokiona ni kwamba nchi nzima iliingizwa kwenye Kiingereza bila mtoto hata mmoja kuulizwa kama yuko tayari. Walimu waliofundisha miaka 20 kwa Kifaransa walipelekwa kozi za likizo, wakarudi mbele ya ubao na lugha waliyokuwa wanaianza. Baadaye waliletwa walimu washauri, wengine kutoka Uganda na Kenya, wawasaidie shuleni kwao. Lakini mtoto wa darasa la nne alibaki wa darasa la nne. Hakushushwa kwa sababu ya lugha.

Mwaka 2011 serikali ikarudisha Kinyarwanda kwa miaka mitatu ya kwanza. Mwishoni mwa 2019 ikatangaza tena Kiingereza tangu darasa la kwanza. Yaani swali la "mtoto yuko tayari lini?" lilipata majibu matatu ndani ya miaka 11, na yametoka kwa wataalamu. Basi mtu asitushangae sisi tukiliuliza.

Sasa wakimbizi. Wakongomani wa kambi za zamani, Kiziba iliyofunguliwa 1996 na Gihembe iliyofuata 1997, wengi ni wasemaji wa Kinyarwanda, na watoto waliozaliwa pale walibadilisha lugha pamoja na wenyeji. Shida ikaonekana wazi zaidi 2015, Warundi walipokimbia na kambi ya Mahama ikafunguliwa kule Kirehe. Walikuwa wanafunzi wa Kirundi na Kifaransa. Serikali na UNICEF, UNHCR na wenzao wakaanzisha masomo ya maandalizi: miezi kadhaa ya Kiingereza na ya kuzoea mtaala wa Rwanda, kisha watoto wakaingia shule za kawaida pamoja na Wanyarwanda. Wengi walikwenda Paysannat L, karibu na kambi. Mtu anaweza kusema miezi ile ilikuwa michache, na sisi tunasema hivyo. Ila ulikuwa mpango, mtoto alijua anaanza lini na anaelekea wapi.

Sisi wa mjini, wa Kimisagara, Nyamirambo, Gikondo, wengi hatukupita kwenye mpango wowote. Kila familia iliongea na shule yake. Dada mmoja wa grupu alikuwa amemaliza mwaka wa pili wa sekondari Bukavu. Akapewa ukurasa mmoja wa kusoma kwa sauti na imla fupi, dakika 20 hivi, akawekwa darasa la tano la msingi akiwa na miaka 15. Hesabu hakuulizwa. Alikaa nyuma ya darasa na watoto wa miaka 11 akiwafundisha sehemu (yale tuliyoyaita "fraksyo") kwa Kinyarwanda cha kubahatisha. Kaka mwingine alipata bahati ya kinyume: alikuwa amejifunza Kiingereza cha sinema na muziki, akaongea vizuri mbele ya direkta, akaruhusiwa kuingia darasa la umri wake. Muhula wa kwanza akaanguka kwenye fizikia na biolojia, wakasema mvivu.

Hizi ni hadithi mbili za kosa moja, na kosa hili lina jina katika vitabu. Kule Kanada mtafiti Jim Cummins alionyesha tangu 1979 kwamba Kiingereza cha kuongea na Kiingereza cha darasani si kitu kimoja. Watoto wahamiaji walifikia cha kuongea kwa miaka kama miwili. Cha darasani, kile cha "eleza kwa nini" na "linganisha", kilichukua mitano hadi saba. Kwa hiyo anayeongea haraka anaweza kuwa hajawa tayari, na anayenyamaza anaweza kuwa anajua somo kuliko wote. Ukimpima kwa mazungumzo na imla tu, utawakosea wote wawili.

Marekani jambo hili lilifika mahakamani. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama Kuu ilisema shule za San Francisco zilikosea kuwaacha wanafunzi wa Kichina takriban 1,800 darasani bila msaada wowote wa lugha. Kumpa mtoto dawati na kitabu kilekile cha wenzake haitoshi kama haelewi kinachosemwa. Ndugu zetu waliohamishiwa kule wanatuambia watoto wao hupimwa kila mwaka kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, huku wakibaki darasa la umri wao. Nako si mbinguni. Kuna wanaokwama kwenye kundi la msaada miaka mingi kwa sababu ya alama mbili tatu za kuandika. Lakini angalau umri wao hauchezewi.

Zamani tulikuwa na kitu cha ajabu kilichotusaidia bila mtu kukipanga. Kwetu Kongo mwaka wa shule huisha karibu na mwezi wa saba, na Rwanda ulikuwa unaanza Januari. Aliyefika katikati alikaa nyumbani nusu mwaka, mama akilalamika, na nusu mwaka ile ndiyo iliyotufundisha Kiingereza. Baada ya korona kalenda ya Rwanda ilihamia Septemba, na pengo hilo halipo tena. Anayefika Agosti anapimwa Agosti.

Na wanaofika ni wengi. Tangu mwisho wa 2022 watu wa Kivu Kaskazini wamepokelewa Nkamira, na wengine wana jamaa Kigali. Kiswahili chao ni lugha rasmi hapa tangu 2017, kwa hiyo kumuuliza mtoto hesabu kwa Kiswahili si kuvunja sheria yoyote. Tukimsindikiza mzazi shuleni tunamshauri aombe mambo mawili kwa adabu: mtoto apimwe hesabu kwa lugha anayoijua, na kama atashushwa kwa ajili ya Kiingereza, shule iandike tarehe ya kumpima tena. La kwanza walimu wengi hukubali, hasa kama kuna mtu wa kutafsiri, na sisi tupo. La pili ndilo gumu. Mpaka leo tuna shule mbili tu zilizotuandikia tarehe, moja ikaitimiza.