Bregenz: opera inaimbwa ndani ya ziwa, mvua ndiyo inaamua

Kwenye mji wa Bregenz, kule Austria, mtu mwenye tiketi ya opera anaanza siku yake kwa kutazama mawingu. Jukwaa limesimama ndani ya maji ya ziwa, watu karibu 7000 wanakaa mbele yake kwenye viti vya ngazi, na juu ya vichwa vyao hakuna paa. Tiketi ni ya bei, hoteli ni ya bei, kisha mvua inaweza kuharibu yote kwa dakika kumi.

Ziwa hilo ni Bodensee. Linagusa nchi tatu: Austria, Ujerumani na Uswisi. Kwa mtu wa Bukavu ao wa Goma hali hiyo si ya kushangaza, ziwa moja lenye wenyewe wengi, na mabato yanavuka kutoka upande huu kwenda ule.

Mambo yalianza mwaka 1946. Vita vilikuwa vimeisha mwaka mmoja tu mbele, na eneo hilo la Austria lilikuwa bado chini ya askari wa Ufaransa. Mji ulitaka sikukuu ya muziki lakini haukuwa na ukumbi wa maana wa teatri. Basi watu wakachukua barji mbili, zile za kubeba changarawe, wakazifunga karibu na bandari. Moja ikawa jukwaa, nyingine ikabeba orkestra. Wakacheza opera ndogo ya Mozart, Bastien und Bastienne, yenye aliandika akiwa na miaka 12. Tangu mwaka huo orkestra ya Wiener Symphoniker, ambayo kwao ni Vienna, upande mwingine kabisa wa nchi, inasafiri kila kipindi cha joto mpaka Bregenz.

Leo barji hazipo tena. Jukwaa linasimama juu ya beto na miti mingi iliyopigiliwa kwenye udongo wa chini ya ziwa. Lakini mgeni mwenye kufika mara ya kwanza anatafuta kitu kingine: orkestra iko wapi? Anasikia viyolini, anasikia ngoma na tarumbeta, ila haoni hata mpigaji mmoja. Kumbe wako ndani. Nyuma ya viti kuna jengo kubwa, Festspielhaus, lililofunguliwa mwaka 1980, na wanamuziki wanapigia humo, pakavu. Shefu wa orkestra anawaona waimbaji kwenye ekra, na waimbaji nao, kule majini, wanamwona yeye kwenye ekra. Sauti inakusanywa na mikro, kisha inatoka kwa mabafle mengi yaliyofichwa ndani ya dekori na kuzunguka viti. Wafundi wameipanga kwa namna ambayo mwimbaji akitembea kutoka kushoto kwenda kulia, masikio yanamfuata. Mtu aliyekaa mbali sana nyuma anaelewa sauti imetoka kwa nani.

Kuna wapenzi wa muziki ya klasiki wenye hawakubali jambo hilo. Kwao opera ni sauti ya mtu bila mikro, imejaza ukumbi kwa nguvu ya kifua. Neno lao lina uzito. Lakini pale nje, mbele ya watu 7000, na upepo wa ziwa unapiga, hakuna kifua kingetosha, na viyolini vya mbao havipendi maji. Hapa Congo pia, wale wenye wamezoea orkestra ya Wakimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994, wanajua kwamba muziki hiyo inaweza kuishi mbali na salon za matajiri.

Chenye kinavuta macho ni dekori. Kwa Tosca, mwaka 2007 na 2008, walisimamisha jicho moja kubwa juu ya maji. Sinema ya James Bond, Quantum of Solace, ilipigwa picha hapo. Kwa Rigoletto, mwaka 2019, kulikuwa kichwa cha mchekeshaji chenye kupita metre 13, kinafungua macho na mdomo. Opera moja inachezwa miaka miwili, juu gharama ya kujenga kitu kama hicho haiwezi kurudi kwa mwaka mmoja. Kati ya miaka hiyo miwili dekori inabaki ziwani, inanyeshewa na theluji, na watu wa mji wanapita kuitazama bila kulipa kitu.

Sasa mvua. Mvua ndogo haisimamishi kazi. Waimbaji wanaendelea wakiwa wamelowa, na watazamaji wanavaa makoti ya mvua, kwa maana mwavuli unafunika macho ya mtu wa nyuma. Radi ikija, ni habari nyingine. Usiku wa kwanza kabisa wa Madama Butterfly, mwezi wa 7 mwaka 2022, dhoruba ilikatisha opera ikiwa katikati, ikabidi imalizikie ndani ya jengo. Shida ni kwamba ndani kuna viti karibu 1600 tu. Wenye tiketi za bei ya juu wanaingia. Wengine, maelfu, wanarudi hoteli. Kama opera ilikuwa haijafika muda fulani, wanarudishiwa pesa. Kama ilikuwa imeupita, basi, wamekwisha kuiona.

Usiku ukiwa mzuri, mambo yanaanza kama saa tatu ya usiku. Mwezi wa 7 kule jua bado linazama saa hiyo, kwa hiyo mwanzo unaonekana na rangi ya ziwa, na mwisho unachezwa gizani kabisa. Hakuna mapumziko ya katikati; ni saa mbili mfululizo. Kisha taa za jukwaa zinazimwa, watu wanakunja mablanketi yao, na wenye walikuja kwa bato kutoka ng'ambo wanatelemka gatini kwa haraka kabla halijaondoka.