Zulia la ngazi: nani alituambia maua ni ushamba?

Wadau, ukisoma ushauri wa mapambo ya nyumba utakutana na kanuni hii: nyumba ya kizamani iwekee zulia la ngazi lenye maua, ya kisasa iwekee mistari. Maua makubwa? Ushamba huo! Mimi nikiona kanuni inarudiwa kama aya huwa nauliza: nani aliitunga? Safari hii nyayo zimenipeleka Uingereza.

Tuanze na upana. Mwaka 1749 mji wa Kidderminster ulianza kufuma mazulia ya aina iliyoitwa Brussels. Mitambo yake ilitoa utepe wa inchi 27, yaani sentimita 69 hivi. Sebuleni tepe kadhaa zilishonwa pamoja. Ngazini ulitosha mmoja, mbao za pembeni zikapakwa rangi. Kwa hiyo lile zulia jembamba la katikati tunaloliita umaridadi lilikuwa kwanza kipimo cha mtambo na kubana matumizi. Lilinunuliwa refu kuliko ngazi, likabanwa kwa fito za shaba, ili kila baada ya muda lisogezwe, ukingo wa kidato usile sehemu ileile.

Na nani alizing'arisha fito hizo? Watumishi. Ngazi za kwenda vyumbani kwao, huko juu kabisa, mara nyingi zilikuwa tupu au na guo la bei rahisi. Nakshi iliishia pale macho ya mgeni yalipoishia.

Kisha zikaja mashine. Mmarekani Erastus Bigelow alibuni mtambo wa kufuma mazulia usiotegemea nguvu za mikono, kampuni ya Crossley ya Halifax ikanunua haki zake, bei zikashuka. Sasa hata karani akaweza kutandika mawaridi ngazini. Hapo ndipo wasomi walipoanza kukunja pua!

Mwaka 1852 Henry Cole na wenzake walifungua makumbusho pale Marlborough House, London, na ndani yake wakatenga sehemu ya kuonyesha mifano ya ladha mbovu, maua ya kuiga asili yakiwamo. Hoja yao: sakafu ni bapa, kwa nini ukanyage waridi linaloonekana kuchomoza? Wenye viwanda walilalamika, sehemu ile ikafungwa. Mwaka 1854 Charles Dickens akawakejeli katika riwaya ya Hard Times: binti Sissy Jupe anakemewa darasani kwa kusema angependa zulia lenye maua. Miaka miwili baadaye Owen Jones akachapisha The Grammar of Ornament, akizisifu sana nakshi za Waislamu wa Alhambra, Hispania. Yaani hayo maumbo "ya kistaarabu" nayo yaliazimwa.

Je, kanuni yote ni upuuzi? Hapana. Kidato hukata nakshi. Waridi kubwa huvunjwa shingo kila hatua, lakini umbo dogo linalojirudia, au mstari unaoshuka moja kwa moja, halionyeshi jeraha. Ngazi ikiwa na kona, mistari nayo inasumbua kuunganisha. Hiyo ni hesabu. Mengine ni tabaka moja kulichekea jingine.

Kwa hiyo wewe unayejenga ghorofa lako Goba au Kigamboni, pima kidato kwanza, kisha weka unachokipenda. Ukipenda maua, weka maua.

Naomba kutoa hoja. Mnasemaje?